Fila za usoni: ipi inafaa wapi, na ipi haitoki ikiharibika

Anayetaka kuchomwa fila, yaani sindano ya kujaza uso, huwa na swali moja mdomoni: inakaa muda gani? Wauzaji hulipenda swali hilo, maana kadiri miezi inavyoongezeka ndivyo bei inavyopanda. Nakuomba ulisogeze kando kidogo, uanze na lingine: ikienda vibaya, inatolewaje? Iulize kila fila swali hilo, moja baada ya nyingine, na utaona zinavyojipanga tofauti kabisa na matangazo yanavyozipanga.

Kabla hatujaanza, tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. Fila si Botox. Botox na dawa za jamii yake hulegeza misuli, hivyo zinafaa kwa mikunjo inayojitokeza unapokunja uso au kucheka. Fila ni kitu kinachojaza nafasi: huinua palipobonyea, huongeza unene wa mdomo, hurudisha shavu lililonywea. Mkunjo unaobaki hata ukiwa usingizini, huo ndio kazi ya fila. Anayekuhudumia akivichanganya viwili hivi, shuka kitini uende zako.

Faida za kitabibu, ambazo hazitajwi vya kutosha

Wengi huona fila ni anasa tu. Lakini fila moja, asidi ya polilaktiki, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya watu wanaoishi na VVU. Dawa za zamani za kufubaza virusi, hasa stavudini na zidovudini, ziliwanyonya wengi mafuta ya mashavu. Mtu alikuwa na afya, anafanya kazi, virusi vimetulia, lakini uso ulikuwa unamtangaza kabla hajafungua kinywa. Wapo waliotamani kuacha dawa zilizokuwa zinawaweka hai kwa sababu ya mashavu tu. Kwa mtu wa namna hiyo, shavu lililojaa upya ni siri yake aliyorudishiwa. Mwaka 2006 fila ya kalsiamu nayo ikaidhinishwa kwa tatizo hilohilo.

Yako mengine: makovu ya chunusi yaliyoacha mashimo, uso unaosinyaa upande mmoja kwa maradhi, mdomo usiolingana baada ya upasuaji wa mdomo sungura. Hata nje ya uso, madaktari wa koo huchoma kalsiamu hiyohiyo kwenye kano ya sauti iliyopooza, ili ikutane na mwenzake na sauti irudi. Sitaki basi mtu asome yatakayofuata akadhani napinga fila. Ninachopinga ni kuchagua ukiwa umefumbwa macho.

Hialuroniki na kalsiamu, ana kwa ana

Hizi mbili ndizo zinazoshindana zaidi, na tofauti yake ndiyo inayofundisha kuhusu zote zilizobaki.

Asidi ya hialuroniki unayo tayari mwilini: kwenye ngozi, kwenye maungo, ndani ya jicho. Kazi yake ni kushika maji. Ya asili humeng'enywa ndani ya siku chache, kwa hiyo ile ya kwenye bomba hutengenezwa maabara, kwa kawaida kwa kutumia bakteria, kisha minyororo yake hufungamanishwa ili idumu. Fila ya kwanza ya aina hii iliidhinishwa Marekani Desemba 2003. Kabla yake iliyotawala ilikuwa kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) ya ng'ombe, iliyokubaliwa mwaka 1981, ambayo ilibidi ijaribiwe kwanza mkononi kuona kama mtu ana mzio nayo, na haikudumu zaidi ya miezi michache.

Kalsiamu, kwa jina kamili kalsiamu hidroksilapatiti, ni madini yaleyale ya mifupa na meno. Chembe zake ndogo huelea ndani ya jeli. Jeli hunyonywa taratibu, chembe hubaki zikiuchokoza mwili ujenge kolajeni yake wenyewe kuzizunguka.

Kwa muda, kalsiamu inaongoza kidogo: miezi 12 hadi 18, dhidi ya 6 hadi 12 ya hialuroniki nyingi. Zipo hialuroniki nzito za mashavuni zinazofika miaka 2, na za midomoni huwahi kuisha kwa sababu mdomo hautulii. Tena, picha za MRI zimewakuta watu na mabaki ya hialuroniki miaka kadhaa baada ya kuambiwa imekwisha. Kwa hiyo anayejazia juu ya iliyopo kila baada ya miezi 6 anaweza kuwa anarundika bila kujua, na ndipo zinapoanza zile sura zilizovimba ambazo hakuna aliyeziomba.

Kwa uimara, kalsiamu ni ngumu zaidi na huinua vizuri: mstari wa taya, mashavu, hata mgongo wa kiganja, ambako iliidhinishwa mwaka 2015. Hialuroniki ina ngazi nyingi, kuanzia laini ya mdomo hadi ngumu ya kidevu.

Sasa lile swali letu. Ukichomwa hialuroniki ikakaa vibaya, ikavimba upande au ikaingia mahali pa hatari, kipo kimeng'enya kinachoitwa hialuronidezi. Kinachomwa palepale, na ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili jeli inayeyuka. Si muujiza usio na gharama. Kinaweza kuleta mzio wenyewe, na mtu ambaye nyuki au nyigu humletea mzio mkali lazima aseme mapema, kwa sababu sumu ya wadudu hao ina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo. Hata hivyo ni mlango wa kutokea, na upo.

Kalsiamu haina mlango huo. Ikiwekwa midomoni au chini ya macho hutengeneza vinundu vyeupe vinavyoonekana na kuguswa, ndiyo maana wenye ujuzi hawaiweki huko. Kilichobaki ni kukanda, kuchoma maji ya chumvi au steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), kusubiri miezi, na pengine kukata. Jambo dogo lakini muhimu: kalsiamu huonekana kwenye eksirei na CT. Ukipigwa picha ya meno au ya kichwa, mwambie anayekupiga, asije akaandika ugonjwa ambao huna.

Kwa maoni yangu, mtu ambaye hajawahi kuchomwa fila hana sababu ya kuanza na kitu kingine zaidi ya hialuroniki. Tofauti ya miezi 6 haitoshi kulipia kukosa njia ya kurudi.

Polilaktiki: kwa mwenye subira

Asidi ya polilaktiki hutoka kwenye ukoo wa nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe. Kwa kweli haijazi, inaamsha. Siku ya kuchomwa unaona shavu limejaa, lakini hayo ni maji tu, na baada ya siku chache uso unarudi ulivyokuwa. Wengi hukata tamaa hapo na kudhani wametapeliwa. Kolajeni hujijenga kwa wiki na miezi, kwa kawaida baada ya vikao 3 hivi vilivyopishana wiki kadhaa, na matokeo hukaa miaka 2 au zaidi.

Inadai kazi kutoka kwako. Baada ya kuchomwa huambiwa ukande uso dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5. Maana yake unasimama mbele ya kioo asubuhi, mchana, alasiri, jioni na kabla ya kulala, vidole vikizunguka juu ya shavu ambalo bado linauma, kwa sababu unga wa dawa ukikusanyika mahali pamoja huwa kinundu. Mtu anayejijua kwamba hatamaliza siku hizo 5 asiichague. Nayo haina kiyeyushi.

Lakini kwa mashavu yaliyonywea pande zote mbili, ambako hialuroniki ingehitaji bomba nyingi, hii hutoa uso wa kawaida zaidi kuliko zote, kwa sababu kinachoonekana ni kolajeni ya mwenyewe.

PMMA na mafuta yako mwenyewe

PMMA ni plastiki. Ni ileile inayotumika kwenye saruji ya mifupa na lenzi za macho, sasa ikiwa vitufe vidogo mno ndani ya kolajeni ya ng'ombe. Kwa sababu ya kolajeni hiyo, kipimo cha mzio hufanywa kwanza. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa mikunjo ya kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo, baadaye ikakubaliwa kwa makovu ya chunusi ya mashavuni. Haiishi. Kwa kovu la chunusi ninaelewa: shimo halihami, na ukilijaza limejazwa. Kwa mikunjo ya uzee sielewi, kwa sababu uso utaendelea kushuka na plastiki itabaki pale ilipowekwa, na mwili unaweza kuigeukia na kutengeneza vinundu vigumu baada ya miaka mingi. Dawa ya hapo ni kisu, na kisu usoni huacha kovu lake.

Mafuta yako yanavutia kwa sababu hayana mzio: ni wewe mwenyewe. Hunyonywa tumboni au mapajani, husafishwa, huchomwa usoni. Lakini huu ni upasuaji, una majeraha mawili, na hakuna awezaye kukuahidi ni kiasi gani kitashika. Sehemu yake hufa na kunyonywa, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine. Yaliyoshika huendelea kuishi kama mafuta mengine: ukinenepa, nayo yananenepa. Na yakiingia kwenye mshipa wa damu ni hatari zaidi ya jeli, kwa kuwa hakuna cha kuyayeyusha.

Silikoni ya maji

Hapa silinganishi. Silikoni ya maji haijaidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kujaza sehemu yoyote ya mwili kwa urembo; matumizi yake yaliyokubaliwa ni ya ndani ya jicho. Huchomwa kwa wingi makalioni, nyonga na matitini, mara nyingi na watu wasio na leseni, na mara nyingine kilichomo kwenye chupa si hata silikoni ya hospitali. Husambaa, huhama, huziba mishipa ya mapafu au ya ubongo. Watu wamekufa. Walionusurika wengine hubaki na maumivu na ngozi ngumu kwa miaka, kwa sababu haiwezi kuchotwa yote. Usiichanganye na vile vifuko vya silikoni vya upasuaji wa matiti, ambavyo ni kitu tofauti.

Hatari inayozihusu zote: mshipa

Wekundu, uvimbe, damu kuvilia na maumivu ya siku chache hadi wiki 2 ni kawaida kwa fila yoyote. Aliyewahi kuugua malengelenge ya mdomoni yanaweza kumrudia baada ya sindano za mdomo, na dawa ya kuzuia hutolewa kabla. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni fila kuingia ndani ya mshipa wa damu.

Bonyeza kucha yako ya kidole gumba mpaka rangi ipauke, kisha achia. Rangi inarudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kipimo hikihiki ndicho mchomaji mzuri anachofanya usoni mwako baada ya kila sindano: anabonyeza, anaachia, anatazama. Rangi ikichelewa kurudi, au ngozi ikipauka mbali na pale aliposimamisha sindano, au ikatokea michirizi ya zambarau kama wavu, damu haifiki. Maumivu makali ni dalili nyingine, ila fila nyingi huchanganywa na ganzi, hivyo maumivu yanaweza kuja saa kadhaa baadaye ukiwa umeshafika nyumbani. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo ni mgumu kuuona. Atazame ndani ya mdomo na kwenye fizi pia. Ikiachwa, yanafuata malengelenge, kisha ngozi inakuwa nyeusi na kufa.

Juu zaidi kuna jicho. Mishipa ya pua, ya katikati ya nyusi na ya kipaji cha uso imeungana na ile inayolisha macho. Fila ikisukumwa kwa nguvu inaweza kurudi nyuma hadi huko. Kikomo kinachotajwa mara nyingi kwa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyokosa damu ni dakika 90, na wengine husema ni pungufu sana ya hapo. Upofu huu ni nadra, lakini ukitokea mara nyingi haurudishiki, hata hialuronidezi ikiwa mkononi. Ukiona giza ghafla, jicho likauma, mdomo ukapinda au ukashindwa kusema, ni dharura ya hospitali wakati huohuo.

Bomba la kawaida la fila ni mililita 1. Kijiko cha chai ni mililita 5. Yaani hatari yote hii imo kwenye moja ya tano ya kijiko cha chai, na tone dogo tu la hiyo linatosha kuziba mshipa. Kanula, yaani mrija mwembamba wenye ncha butu unaotumika badala ya sindano, hupunguza hatari lakini haiiondoi, na kuvuta bomba nyuma kutazama kama damu inaingia hakutoshi kuthibitisha uko salama. Kinachookoa ni mkono wa polepole, kiasi kidogo, na mtu aliyesoma ramani ya mishipa ya uso.

Ndiyo maana siamini kabisa vile vifaa vya kusukuma fila kwa shinikizo la hewa bila sindano, vinavyouzwa mtandaoni kwa watu kujichoma wenyewe. Mamlaka ya Marekani ilionya dhidi yake Oktoba 2021. Kukosa sindano hakumaanishi kukosa hatari. Kunamaanisha hujui dawa imefika wapi.

Zile zinazokuja baadaye

Fila inaweza kutulia miezi, kisha ikavimba ghafla baada ya mafua makali, jino kuoza au chanjo. Mwishoni mwa 2020, wakati wa majaribio ya moja ya chanjo za KOVIDI-19, washiriki wachache waliokuwa na fila walivimba usoni na wakatibiwa. Hilo si sababu ya kukimbia chanjo; ni sababu ya kumwambia daktari kwamba unayo fila. Matibabu ya meno na fila vipishane wiki 2 angalau. Bakteria nao huweza kujificha juu ya fila wakiwa wametulia, wakaamka baadaye na kuleta uvimbe unaokuja na kuondoka. Kadiri fila inavyodumu, ndivyo nafasi ya mambo haya inavyodumu.

Nani asubiri

Mjamzito na anayenyonyesha, kwa kuwa usalama wake kwao haujapimwa. Mwenye maambukizi au chunusi zinazowaka mahali pa kuchomwa. Mwenye mzio mkali au mzio wa dawa ya ganzi. Mwenye tatizo la damu kutoganda. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme, ila asiziache bila ruhusa ya daktari aliyemwandikia, maana kiharusi ni kibaya kuliko damu kuvilia. Mwenye tabia ya kuota keloidi, yale makovu yanayovimba na kutanuka, aseme pia. Na vijana: Uingereza ilipiga marufuku fila za urembo kwa walio chini ya miaka 18 huko England mwezi Oktoba 2021, na Marekani zimeidhinishwa kwa watu wazima tu, nyingi kuanzia miaka 22.

Ningechagua hivi

Midomo: hialuroniki laini, kidogo, hakuna nyingine. Mashavu yaliyonywea: polilaktiki kwa mwenye subira, hialuroniki kwa anayejaribu. Taya na kidevu: hialuroniki ngumu kwanza, kalsiamu baadaye, ukishajua sura hiyo unaipenda. Mashimo ya chunusi: hialuroniki, au PMMA kwa aliyefikiri sana. Chini ya macho: hialuroniki nyembamba kwa mikono ya bingwa, au usiguse, ngozi ya hapo ni nyembamba, na jeli iliyowekwa juujuu huonyesha kivuli cha buluu ambacho kipodozi hakikifichi. Pua: ningeiacha.

Na siku ukienda, usione aibu kuuliza. Omba uonyeshwe boksi likiwa limefungwa, jina la fila na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha omba uonyeshwe hialuronidezi yenyewe, chupa, siyo ahadi ya kuiagiza. Ndani ya boksi la fila huwa kuna vibandiko vyenye namba ya toleo: kimoja hubandikwa kwenye faili lako, kingine ni chako. Kitunze pamoja na kadi yako ya kliniki, na nyuma yake uandike tarehe, kiasi na mahali ulipochomwa. Daktari atakayekuona usiku wa manane ukiwa umevimba shavu ataanza kwa kukuuliza: umechomwa nini?